Msiba Usio na Matanga



Mtu akifiwa katika miji yetu ya mwambao, tangu Lamu hadi Kilwa, jambo la kwanza atendewalo ni kwamba haachwi peke yake. Majamvi hutandikwa barazani kabla jua halijapanda. Majirani, hata wale waliokuwa hawasemezani naye, huja wakakaa. Wanawake hulishika jiko ili mfiwa asiwe na haja ya kukoka moto. Na kwa siku tatu za matanga kila abishaye hodi huuliza swali lile lile, kwamba maradhi yalimwanzaje marehemu na alikufaje, naye mfiwa husimulia tangu mwanzo hata mwisho, akamaliza, akaingia mwingine, akaanza tena. Nilipokuwa kijana niliiona desturi hii kuwa ni adhabu, nikistaajabu kwa nini mtu mwenye jeraha arudishwe kwenye kitanda cha marehemu mara ishirini kwa siku moja. Umri uliponipanda ndipo nilipofahamu kwamba wazee wetu walikuwa wakiganga, na kwamba kisa kile, kwa kukaririwa mbele ya masikio mengi, kilikuwa kikipoa kama uji wa moto unaomiminwa kutoka bakuli hili kwenda bakuli lile mpaka mtoto akaweza kuunywa.

Mtazameni sasa mtu aliyehama. Siku ile alipopanda ndege alipotewa na mama aliye hai, na mtaa ambao kila mlango wake alijua ni wa nani, na lugha ambayo ndani yake alikuwa mtu wa busara na maskhara mazuri, na cheo, maana aliyekuwa mwalimu kwao huenda huko akawa mpiga deki, na sauti ya mwadhini aliyemjua yeye na baba yake. Alipotewa na vyote hivyo kwa mara moja, wala hapana aliyemtandikia jamvi. Alifanyiwa karamu ya kuagwa. Aliambiwa ana bahati. Na akithubutu baada ya miezi kadhaa kusema katika simu kwamba moyo wake ni mzito, huambiwa kwamba wangapi wanaitamani nafasi hiyo wasiipate. Basi naye hunyamaza, akatuma fedha.

Nia yangu jioni hii ni kuzungumza juu ya tiba ya majonzi hayo, na ninaloliamini nalisema tangu mwanzo: kuhama ni msiba, na msiba huu hautulii mpaka umepata matanga yake. Mataabibu wa zama zetu wamegundua njia kadha wa kadha za kuuganga, nami kila nikizichungua njia hizo naona ndani yake jamvi, na mtu aliyekaa juu ya jamvi, na mwingine aliyekuja kumsikiliza.

Maradhi yenyewe si mageni. Mwaka 1688, Johannes Hofer, kijana aliyekuwa akisomea utabibu Basel katika nchi ya Uswisi, aliandika tasnifu juu ya Waswisi waliokaa mbali na kwao, wakakosa usingizi, wakakosa hamu ya chakula, wakanyauka mfano wa mche uliong'olewa, wala hapakuwa na jeraha la kufunga. Akachukua maneno mawili ya Kiyunani, moja la kurejea nyumbani na moja la maumivu, akayaunga, akayaita maradhi hayo nostaljia. Miongoni mwa wagonjwa aliowaeleza ni mwanafunzi wa Bern aliyekuwa amekata tamaa ya kuishi hapo Basel, ambaye alipotiwa njiani kurudishwa kwao alianza kupata nafuu kabla hajafika. Na kutoka Basel hadi Bern, wasikilizaji, ni mwendo usiofika ule wa Mombasa hadi Malindi. Kama kijana yule aliugua kwa umbali huo, tutasema nini juu ya mwanamke wa Uvira aliyelala miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha akashushwa katika theluji ya Marekani kaskazini, akiwa na mfuko wa karatasi za safari mkononi na watoto watano nyuma yake?

Katika karne hii tuliyo nayo, mwaka 2002, Joseba Achotegui, daktari wa maradhi ya akili wa Barcelona, aliyekuwa amewahudumia wahamiaji kwa miaka, aliipa hali hii jina la Ulysses, baharia wa visa vya Wayunani aliyetangatanga baharini miaka mingi kabla ya kufika kwao. Alihesabu misiba saba inayomfika mhamaji kwa pamoja: msiba wa ahali zake, wa lugha, wa mila, wa ardhi, wa cheo, wa watu wa kundi lake, na ule wa kuhofia uhai wa mwili wake. Kisha akasema neno ambalo natamani litangazwe katika kila mskiti na kila kanisa la wahamiaji, kwamba hali hii yenyewe si wazimu. Ni mzigo uliozidi nguvu za mbebaji, na mbebaji yeyote, awe nani, angepinda mgongo. Nasema hivi kwa sababu watu wetu huogopa sana kuitwa wendawazimu, na hofu hiyo huwazuia wengi wasigonge mlango wa mganga wa moyo mpaka mambo yameharibika.

Naye Pauline Boss wa Marekani, aliyeanza kazi yake miaka ya 1970 kwa kuwatazama jamaa za askari waliopotea katika vita vya Vietnam, alieleza kwa nini majonzi ya namna hii hukaa sana: aliyepotea hakufa, na kwa hiyo hazikwi, mlango wa huzuni haufungwi wala haufunguliwi. Mama yako yu hai Pangani, unaiona sura yake katika kioo cha simu, na bado humfikii kumshika mkono.

Niruhusuni nitoe ushahidi wangu. Nilikaa Uingereza miaka sita, katika mji mmoja wa kaskazini, nikifanya kazi ya zamu ya usiku katika ghala. Ilikuwa Januari, ndugu yangu akanipigia simu akaniambia: "Baba ametutoka alfajiri. Tumeshamzika." Saa nne za usiku nilikuwa kazini, nimevaa koti la manjano, nikipanga makasha, kwa kuwa sikujua pahali pengine pa kwenda. Wiki zilizofuata kifua kilinibana, nikawa naamka saa tisa za usiku kila usiku kama niliyeitwa, nikakaa kitandani nikihesabu mwanga wa magari ukipita darini. Nilikwenda zahanati moja. Wakapima moyo, wakauona mzima. Wakanipa karatasi yenye maswali juu ya wiki mbili zilizopita, kuhusu usingizi, na chakula, na kama mambo niliyoyapenda yangali yananifurahisha. Kisha daktari, mtu mwungwana, akaniuliza kwa mdomo wake nilikuwaje. Nikamjibu kwamba sijambo, alhamdulillahi. Akaandika, akaniaga.

Hapo, wasikilizaji, naomba tutue kidogo, maana jambo hili dogo limebeba kubwa. Sisi tumelelewa katika adabu ya salamu ambayo haimruhusu mtu kuanza na shida. Aulizwapo hali, hata kama nyumba yake inawaka moto, jawabu la kwanza ni njema. Lakini kila aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba habari yenyewe hukaa nyuma ya neno moja fupi: "Njema, ila..." Ila mtoto hawezi kidogo. Ila mzee ametutoka. Anayetujua huingoja hiyo "ila". Huuliza habari za kazi, habari za watoto, habari za huko mtokako, akanyamaza, akangoja tena, mpaka ifike. Daktari wangu hakuwa na kosa. Aliipokea "njema" akaridhika nayo, kama ambavyo mtu wa kwao angetaka apokelewe. Nami sikuwa na Kiingereza cha kihoro. Kiingereza changu kilitosha kununua tiketi na kumjibu msimamizi, hakikufika katika chumba kile ambamo baba yangu alikuwa amelazwa.

Kwa hiyo watu wakiniuliza sharti la kwanza la tiba hii ni lipi, husema ni lugha, na nikisema lugha nina maana ya zaidi ya maneno. Kwetu hatusemi kwamba fulani ana sonona. Hilo ni neno la vitabuni. Husemwa fulani ana mawazo, au roho yake haikutulia, au mwili ni mzito. Na mkalimani anayeyafasiri mawazo kuwa ni fikra tu humfanya mgonjwa aonekane kama mwanafalsafa. Tena hayumkini Kiswahili cha Bukavu kikawa sawa na cha Tanga katika mambo ya moyo, hata ikiwa katika orodha ya wakalimani vyote vimeandikwa kwa jina moja. Na liko jambo ovu kuliko hayo, ambalo hutokea kila siku katika miji ya ng'ambo: mtoto wa miaka kumi kukalishwa baina ya mama yake na mganga ili afasiri. Mama yupi atasema mbele ya mwanawe yaliyomfika njiani? Na akisema, mtoto yule atayaweka wapi? Hili ni kosa, na lisiitwe kwa jina jingine.

Nirudi kwenye kisa changu. Ijumaa iliyofuata siku ile ya zahanati imamu alitangaza swala ya ghaibu kwa ajili ya baba yangu, swala anayoswaliwa maiti aliye mbali. Nanyi mnajua kwamba Mtume aliiswali kwa ajili ya Najashi, mfalme wa Uhabeshi, yule aliyewapa hifadhi Waislamu wa kwanza walipoikimbia Makka. Baada ya swala mzee mmoja wa Barawa, mwenye kofia ya mkono iliyokwisha rangi, alinishika kiganja akanikalisha kando ya rafu za viatu, akamimina chai kutoka katika chupa yake, akasema: "Haya mwanangu, nambie, baba yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nilianza kumweleza kwamba alikuwa fundi cherehani. Nikamweleza kwamba hakupenda mkasi kwa nyuzi ndogo, alizikata kwa meno, na kwamba jino lake moja la mbele lilikuwa na pengo dogo kwa sababu hiyo. Nilipofika kwenye lile jino nililia kama mtoto. Yeye hakunituliza wala hakunipa mawaidha. Aliniuliza alishona nguo gani. Wakati wa baridi huko adhuhuri na alasiri hukaribiana sana, na sisi tulikaa mpaka alasiri ikaadhiniwa. Usiku ule ndio wa kwanza nilioupita saa tisa bila kuamka.

Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma vitabu vya wanasihi, nilikutana na kazi ya wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, nao ni Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, waliotengeneza tiba ya kusimulia kwa ajili ya watu waliopita katika vita na ukimbizi. Mnasihi hutandika kamba sakafuni. Ncha moja ni siku mtu aliyozaliwa; ncha ya pili huachwa imeviringwa, nayo ni siku zijazo. Mgonjwa hupewa maua na mawe, akaambiwa ayapange juu ya kamba kwa utaratibu wa miaka: ua mahali pa arusi, ua mahali pa mtoto wa kwanza, jiwe mahali pa usiku ule walipokuja wenye bunduki, jiwe kubwa mahali pa mtoni. Kisha, siku baada ya siku, husimulia maisha yake kwa kufuata kamba hiyo, na afikapo kwenye jiwe hapiti haraka. Huulizwa alisikia nini, aliona nini, mikono yake ilikuwa wapi, mpaka hofu imshuke. Mnasihi huandika yote, akamsomea kikao kinachofuata ili asahihishe, na mwisho huutia saini mwandiko ule na kumkabidhi mwenyewe, maisha yake yakiwa mkononi mwake, yana mwanzo na yana leo.

Tiba hii ilijaribiwa hapa hapa kwetu. Katika makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, walishiriki wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Baada ya miezi 9, kadiri ya asilimia 70 ya waliosimulia kwa njia ya kamba hawakuwa tena na maradhi ya kiwewe. Waliopewa nasaha za namna nyingine walikaribia, asilimia 65, lakini wengi zaidi miongoni mwao waliacha njiani. Na waliofuatiliwa tu bila ya tiba walikuwa asilimia 37. Ninaloomba mlishike katika tarakimu hizo ni hili: waliotibu hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao, waliofunzwa kwa muda mfupi, wakazungumza na watu wao kwa lugha zao. Ilipatikana "ila", kwa sababu aliyekuwa akisikiliza alijua kuingoja.

Si kila mhamaji ana jiwe la vita juu ya kamba yake. Binti wa Mombasa anayelea watoto wa watu katika Ghuba, mwanafunzi wa Dodoma aliyeko Ujerumani, dereva wa lori aliyeko Kanada, hao pengine wanachohitaji ni baraza tu, jioni moja kwa wiki, ambapo watu wa lugha moja hukaa wakanywa kahawa na mmoja wao akawa amefunzwa kidogo kumtambua yule aliyeanza kuzama. Wala asidhani mtu kwamba damu peke yake hutosha kuwa baraza. Wako jamaa zetu waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, ambao wengi wao walipokelewa Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970, katika nchi ya babu zao. Wakafika kwao wasikokujua, baadhi yao Kiarabu kikiwapiga chenga, wakaitwa Wazanzibari huko kama walivyoitwa Waarabu walikotoka. Nasikia mpaka leo Muscat ziko nyumba ambazo Kiswahili husemwa jikoni na samaki hupikwa kwa nazi. Mimi nalihesabu jiko hilo kuwa ni zahanati.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa imani hahitaji haya, amwombe Mola atatulia. Nawajibu kwa heshima, kwa kuwa mimi ni mtu wa kisomo na dua, na sitamcheka anayekunywa kombe. Lakini nakumbusha kwamba Muhajirina, Waislamu waliohama Makka, walipofika Madina, Abu Bakar na Bilal walishikwa na homa, na Bilal katika homa yake akawa akiyataja kwa shauku mabonde na majani ya Makka. Na Mtume alipopewa habari hakuwakemea kwa udhaifu, alimwomba Mwenyezi Mungu awapendekezee Madina kama walivyoipenda Makka au zaidi. Naye akawaunga undugu, Muhajiri mmoja na Ansari mmoja wa Madina, ili kila mgeni awe na mwenyeji wake, mtu mwenye jina na mlango. Basi kumwona aliyehama kuwa amepatwa na jambo, na kumpa mtu wa kukaa naye, hatukukuigiza kwa wageni.

Naongeza neno moja juu ya serikali zinazopokea watu. Uholanzi, mwaka 2004, uchunguzi wa Wairaki walioomba hifadhi ulionyesha kwamba waliokaa chini ya miezi 6 wakingojea jawabu, asilimia 42 walikuwa na maradhi ya moyo na akili. Waliongojea zaidi ya miaka miwili, asilimia 66. Wote walitoka katika nchi moja yenye mateso. Kilichowatenga ni kungoja. Mnasihi hodari hawezi kuutoa mwiba ambao ofisi ya uhamiaji ingali inauchomeka, na nchi inayoajiri wanasihi kwa mkono mmoja ikiwazungusha watu kwa mkono wa pili, hiyo haijaanza kutibu.

Na sisi tuliobaki nyumbani, tunayo sehemu yetu. Simu zetu kwa walioko ng'ambo huwa fupi, na aghalabu hubeba karo, bati la nyumba, na dawa ya shangazi. Haja hizo ni za kweli, wala sisemi zisitajwe. Naomba tu kwamba safari moja umpigie wewe, kwa salio lako, wala usimwombe kitu, umwulize habari, naye atasema njema, umwulize amekula nini, amelala saa ngapi, huko kwake dirisha linatazama wapi, unyamaze, ungoje.

Saa yetu hapa studio, Januari hii, yaonyesha saa tatu za usiku. Muscat ni saa nne. London ni saa kumi na mbili za jioni na giza limekwisha kuingia. Minneapolis ni saa sita za mchana, watu wako katika mapumziko ya chakula.